Umeamkaje, Hujalipa

Jana saa mbili kasoro robo ujumbe uliingia:
*Hongera. Umemaliza kulipa. Simu sasa ni yako.*
Kumbe hii niliyolala nayo chini ya mto mwaka mzima,
niliyoifuta jasho kwa pindo la leso,
ilikuwa mgeni wa kulipiwa.

Shilingi sitini kwa siku.
Kupunguza suruali, hamsini. Kushona kifungo, kumi.
Suruali moja na kifungo kimoja
nami nimefika kesho.
Usipotuma, saa sita ya usiku kioo kinazima,
inabaki picha ya kufuli
na uso wako mwenyewe unakukodolea macho.

Ramadhani tulifunga sote wawili,
mimi kwa Mungu, yeye kwa kampuni.
Mimi nilifuturu magharibi.
Yeye alikaa siku tatu.

Siku ya mia na arubaini ilijifunga
na vipimo vya Rukia vimo ndani:
bega, kifua, kiuno, urefu hadi kifundo cha mguu.
Harusi Ijumaa. Nilikata kwa kukumbuka
anavyopita hapa Barani na kikapu cha mboga,
na macho yangu yakampunguza inchi moja na nusu begani.
Aliolewa hivyo hivyo, kajitanda mtandio,
hakuinua mkono siku nzima.
Mamake alinilipa nusu, hajanisalimia tangu hapo.
Ile nusu nikaipa simu.

Dukani, mkabala na stendi ya Malindi,
inauzwa elfu kumi na moja na mia tano.
Swabra alipiga hesabu ya sitini zangu
nyuma ya daftari la sayansi,
akafika elfu ishirini na moja mia tisa,
akanitazama,
akafuta.
Nimenunua mbili, mwanangu, nimepewa moja,
nayo ina ufa kuanzia kwenye saa hadi kwenye betri,
na chaji ikiona adhuhuri imejitahidi.

Dakika tatu baada ya ule wa kwanza, ujumbe wa pili:
*Mteja mwema, umestahili simu mpya. Bonyeza moja.*
Mteja mwema.
Hakuna mtu aliyewahi kuniita mwema kwa maandishi.
Kidole kilikwenda, kikaikaribia moja,
nikakirudisha ndani ya kastabini.

Usiku nilikaa macho hadi saa sita.
Sita na dakika moja. Na mbili.
Kioo kiko wazi kama mlango wa nyumba iliyohamwa.
Mkononi shilingi sitini,
nimezitenga kwa mazoea, sijui nimpe nani.

Kuna jambo sijalisema.
Kila asubuhi, cherehani haijaonja mafuta,
Kenga wa kampuni, yule kijana wa jaketi la rangi ya chungwa,
alinipigia:
"Mama Swabra, umeamkaje, hujalipa."
Kati ya salamu na deni hakuvuta pumzi.
Siku nikiwa nimelipa hakupiga,
kwa hiyo, Mungu anisamehe,
mara nyingine nilichelewa na pesa ninazo.

Leo saa mbili imepita.
Saa tatu nimeshona mkono wa kushoto mahali pa kulia,
nikaufumua.
Saa nne nikapiga mimi,
kwa simu yangu, kwa salio langu.

"Kenga, umeamkaje?"

Nasikia pikipiki, nasikia mtu anabishana naye pembeni,
nasikia akinitafuta kwenye orodha.
"Mama Swabra, akaunti yako imefungwa."

Simu imefunguliwa, mimi nimefungwa.

"Najua imefungwa," nikamwambia.
"Nimekuuliza umeamkaje."